Vibao vya herufi vya pale Mwanga, Kigoma: nimevitumia muhula mzima na darasa la kwanza

Nilisema ntaandika nikishavitumia vya kutosha, sasa shule zimefungwa nipo nyumbani likizo ya Juni, naandika. Walioniuliza wengi ni wazazi wenye mtoto wa darasa la kwanza, anarudi kila siku daftari limejaa tiki ila ukimwambia hebu nisomee hapa anaangalia dari, na wengine ni walimu wenzangu wa Kasulu na Uvinza wanaotaka kujua kama hela yao itapotea. Haitapotea. Nunueni. Ila msome mpaka chini maana kuna vitu inabidi umwambie mama anayevitengeneza akurekebishie kabla hujalipa, mimi nililipa kwanza ndo nikaja kuviona.

Kwa asiyejua naongelea nini, ni vibao vidogo vya mbao, kimoja ukubwa wa kiberiti hivi, kila kimoja kina herufi moja. Irabu zimepakwa rangi nyekundu, konsonanti bluu. Sasa utamu uko kwenye uchongaji. Kibao cha konsonanti upande wake wa kulia kina kiulimi kimetokeza, kibao cha irabu upande wa kushoto kina pengo la kuingiza hicho kiulimi. Chukua k isukumie kwenye a, zinabana, unainua kitu kimoja mkononi: ka. Sio herufi mbili tena, ni ka. Ukijaribu kubananisha k na t havikubali, a na e navyo havikubali, konsonanti inakubali irabu tu na ikishaingia hiyo silabi imekamilika, unaiweka pembeni unaunda nyingine. Zile herufi mwambatano kama mb, nd, ny, ch, sh, mw zimekaa kwenye kibao kimoja kirefu kidogo chenye ulimi mmoja, kwahiyo mtoto hapati shida ya kujiuliza n inafanya nini hapo mbele ya d. Mfuko mmoja wa kitambaa una vibao vyake, alafu kuna kadi za picha 40 zimepigwa laminesheni na kipande cha ubao chenye mfereji wa kupanga maneno yasianguke.

Anayetengeneza ni mama mmoja mwalimu mstaafu, alifundisha darasa la kwanza miaka mingi Ujiji, sasa ana fremu ya steshenari jirani na soko la Mwanga. Kuchonga anachonga fundi seremala, anatumia mabaki ya mbao, mama anapaka rangi na kuandika kwa mkono wake na mwandiko ni ule wa walimu wa zamani, a ni a kweli. Jina lake na namba siweki hapa sijamuomba ruhusa, ila ukifika Mwanga ukauliza mama wa vibao utaonyeshwa.

Seti ya darasa ni 65,000, mifuko kumi. Ya nyumbani mfuko mmoja na kadi 20 ni 9,000. Mimi darasa langu lina watoto 104, mifuko kumi ni watoto kumi kwa mfuko, hapo wanaogusa ni wawili na nane wanatazama, kwahiyo nikaongeza mifuko mitano kwa 4,500 kila mmoja. Jumla 87,500 kutoka mfukoni kwangu, na najua kuna mwalimu anasoma hapa anasema hela yote hiyo kwa kazi ya serikali. Ndugu yangu, tangu ule Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulipofuta ada na watoto wakafurika Januari 2016, walimu wa darasa la kwanza tunajua hali ilivyo, mtoto asiposoma mwaka wa kwanza na wa pili ndo basi tena, anapanda madarasa akiwa kimya. Sioni hela niliyoitumia vizuri mwaka huu kuliko hii.

Ngoja niwaambie siku ya kwanza. Kipindi chetu ni dakika 30, dakika kumi zote ziliisha kwenye kelele, vibao vinagongwa, wengine wamejenga nyumba, wengine wanagombania rangi nyekundu. Niliacha. Alafu nikaenda kwenye kundi la nyuma karibu na mlango, kuna kijana mmoja baba yake mvuvi wa Kibirizi, toka Januari huyu mtoto hajanitamkia silabi hata moja, ukimwita anasimama anainamisha kichwa mpaka unamwonea huruma unamwambia kaa. Nikachuchumaa nikampa k nikamwambia itafutie mwenzake. Akaibananisha na u. Nikamuuliza inasemaje, hajajibu. Nikaweka kidole kwenye k nikatoa sauti yake, nikasogeza kidole kwenye u, akasema kwa sauti ndogo, ku. Nikampa h, akachukua e mwenyewe, akabana, akasema he. Nikavisogeza viwili vikakaribiana. Akavitazama. Yaani niliona kabisa midomo inacheza, ku, he, ku, he, alafu akaruka juu, "Madam, kuhe! Kuhe! Baba kaleta jana!"

Kwa msio wa huku, kuhe ni samaki wa ziwa letu la Tanganyika, mkubwa, mtamu. Huyo mtoto alisoma neno lake la kwanza maishani na lilikuwa samaki wa nyumbani kwao, na alijua maana yake papo hapo, hakuna aliyemtafsiria. Nilitoka nje kidogo nikajifanya natafuta chaki.

Sasa kwanini kitu kidogo hivi kinafanya kazi wakati chati ukutani ipo mwaka mzima? Mimi nimefikiria sana hili. Watoto wetu tunawaimbisha ba be bi bo bu, ni wimbo mzuri wanaupenda, ila wimbo sio kusoma. Fanya jaribio hili hata leo nyumbani, muache aimbe mstari wote, alafu funika nne kwa kiganja muachie bo peke yake muulize hii nini. Wengi watarudi kuanzia ba wahesabu mpaka wafike. Nimeona mtoto anasoma mstari mzima wa ma me mi mo mu bila kosa huku anaangalia mbuzi dirishani. Vibao havina mstari wa kuimba, silabi iko moja tu mkononi kwako na umeitengeneza wewe, inabidi uitazame.

Cha pili ni majina ya herufi. Wazee wetu walisoma a, be, che, de, na wengine bado wanafundisha hivyo nyumbani kwa nia njema kabisa. Mtoto akijua hii ni be na hii ni a, akiunganisha anapata bea, sio ba. Ndo maana tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa 2015 tukaambiwa tuanze na sauti, na sisi wa Kigoma tuliopitia mafunzo ya EQUIP-Tanzania, ule mradi wa elimu ulioanza 2014, tulifanyishwa mazoezi ya sauti wenyewe watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto tunatoa mmm na sss. Kwa Kiswahili ni rahisi kuliko lugha nyingi maana irabu ziko tano na kila moja ina sauti moja tu popote utakapoikuta, na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Yule mama kachukua hiyo kanuni kaichonga kwenye mbao. Mtoto haambiwi kanuni, vidole vinaijua.

Na mambo mengine nimeyatumia kabla, silinganishi hewani. Vizibo vya soda nilikusanya zaidi ya 300, nikaandika herufi kwa maka peni, ni bure na nitaendelea kumshauri asiye na hela aanze navyo. Ila vinabiringika, vinashika kutu, na kizibo ni duara hakina juu wala chini, d ukiigeuza inakuwa p, n inakuwa u, m inakuwa w, unamsahihisha mtoto kumbe kasoma sawa ni kizibo ndo kimepinduka. Kwenye vibao hii shida haipo na niliigundua baada ya kama wiki tatu: ukipindua kibao cha d ule ulimi unahamia kushoto, hauingii kwenye irabu, mtoto anakigeuza mwenyewe bila kuambiwa. Sijui kama yule mama alilipanga hilo au limetokea tu, nilipomwambia alikaa kimya akakipindua pindua mkononi akasema "ehee". B na d bado wanachanganya, hapo kibao hakisaidii, ni mazoezi.

Kadi za manila nilizokata mwenyewe zilidumu wiki mbili, masika ya huku unayajua, unyevu ukiingia zinajikunja kama kuti.

Chati ya ukutani nilinunua dukani, ya kuchapwa, rangi nzuri inang'aa, ina herufi 26 za Kiingereza kuanzia A mpaka Z, kwenye Q kuna picha ya malkia na kwenye X kuna picha ya kinanda fulani cha kugonga ambacho hata mimi nilikuwa sijakiona. Kiswahili hakitumii q wala x, na c peke yake hatuna, tuna ch. Ukitafuta ch kwenye ile chati haipo, ny haipo, ng' haipo. Yaani mtoto anafundishwa visivyotumika na vinavyotumika vimeachwa. Alafu kuna ile kompyuta ya plastiki ya kubonyeza, jirani yangu alimnunulia mwanae kwa 25,000, inaongea Kiingereza, ukibonyeza a inasema ei, ukibonyeza e inasema ii. Yule mtoto alikaa na hiyo kitu likizo nzima, alipokuja darasani akiona e anasema i. Ilinichukua mwezi na zaidi kuitoa. Wazazi naomba sana, hela ya hiyo kompyuta ni mifuko miwili ya nyumbani na chenji inabaki.

Kuhusu simu na tableti siwezi kusema hazifai maana zimefanya kazi nchini kwetu hapahapa. Yale mashindano ya Global Learning XPRIZE yalifanyika vijiji vya Tanga, vijiji karibu 170, watoto walipewa tableti zenye programu za Kiswahili wajifunze wenyewe kusoma na kuhesabu, na 2019 zawadi ya dola milioni 10 wakagawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Kwahiyo programu nzuri zipo. Ila tableti zile zililetwa na sehemu ya kuchajia kwa sola, kijiji kizima kimeandaliwa. Mimi nina watoto 104 na soketi moja kwa mwalimu mkuu. Na nyumbani simu ni ya baba na baba akienda ziwani usiku anaenda nayo, akirudi asubuhi haina chaji wala bando. Kama wewe una simu ya ziada muwekee mtoto programu ya Kiswahili, hakikisha inatoa sauti za herufi na sio majina, mpe dakika 20 alafu mpe vibao. Kuona na kugusa ni vitu viwili, na darasani kwangu kugusa ndo kulikowafungua waliokuwa wamefunga.

Sasa kasoro. Hizi nazisema kwa mapenzi maana nataka kitu kiwe bora, na yule mama nimeshamwambia zote uso kwa uso.

Ya kwanza mtashangaa. Mfuko ulikuja na irabu mbili mbili, a mbili, e mbili, hivyo. Wiki ya pili nikawaambia watoto leo tunaandika vitu vya sokoni, kundi moja likaamua dagaa. Da, sawa. Ga, sawa. Alafu wakakwama. Dagaa ina a tatu! Tuko Kigoma na hatuwezi kuandika dagaa. Wakaazima kwa jirani, jirani nae anaandika kahawa amekwama hapohapo, ikawa vurugu. Nikaenda Mwanga jioni ile ile na mfuko mkononi nikamwambia shikamoo mama, mfuko wako hauna dagaa. Akasema marahaba mwanangu, hauna nini? Nikampangia pale juu ya kaunta, akaona. Sasa hivi anaweka a nne na irabu nyingine tatu tatu, ila zipo seti za zamani bado rafuni kwahiyo hesabu a kabla hujatoka. J nayo hesabu, iwe mbili, la sivyo Ujiji haiandikiki.

Ya pili ni kubwa zaidi na ni ya kitaalamu kidogo. Neno mtu. M pale mbele ni silabi yenyewe, haina irabu, m-tu, vilevile mto, mti, mboga hapana ile ni mb, lakini mchele ndiyo. Sasa kibao cha m kina ulimi umetokeza unataka irabu. Mtoto anafanya nini? Anaitafutia. Wakaniandikia mutu, wakaniandikia muto, darasa karibu zima. Na hapa kwetu inakuwa ngumu mara mbili kwasababu watoto wengi hasa waliotoka vijijini wanaingia darasa la kwanza lugha ya nyumbani ni Kiha, na kwa Kiha mtu ni umuntu, m imezungukwa na irabu mbele na nyuma, sikio lake linasikia u hata pale ambapo haipo. Kwahiyo kibao kilikuwa kinamsukuma mtoto kulekule ambako alikuwa ameshaelekea. Mimi sikumkemea hata mmoja, mtoto aliyeandika mutu kasikiliza vizuri sana kwa lugha yake, ni sisi tunatakiwa kumwonyesha Kiswahili kinafanyaje.

Tulikaa na yule mama kwenye benchi la nje ya fremu yake karibu saa nzima kwa hili. Jibu alilopata ni zuri: ametengeneza m nyingine isiyo na ulimi, bapa pande zote, ameipaka nusu bluu nusu nyekundu, watoto wanaiita m ya peke yake. Na n moja ya namna hiyo kwa ajili ya nne, nta na nchi. Wiki mbili tu mutu zimepungua sana. Shida ndogo iliyobaki, kwasababu haina ulimi sasa ile m ukiipindua inakuwa w na n inakuwa u, tumerudi kwenye ugonjwa wa vizibo. Nimemwambia aweke mstari mweusi chini, kasema ataweka, kwenye mifuko yangu nimechora mwenyewe kwa maka peni.

Ya tatu ni ng'. Kale kakidoti ka juu kamechorwa kadogo, na mikono ya watoto unaijua, wengine wametoka kula chapati, wengine mihogo ya kukaanga kwa mawese, baada ya mwezi kakidoti kamefutika na ng'ombe ikawa ngombe, wanaisoma kwa ng ya ngoma. Nimesahihisha neno hilo mpaka nikachoka kabla sijaangalia kibao chenyewe vizuri. Hii inatakiwa ichongwe, sio ichorwe. Rangi yenyewe kwa ujumla inashika, nimeifuta na kitambaa kibichi chenye sabuni haijatoka, ila herufi zilizoandikwa juu ya rangi ndo zinachakaa kwenye zile zinazoshikwa sana, m, k na a. Watoto wawili watatu wanatafuna vibao, nilimuuliza kuhusu rangi akasema anatumia ya maji na anaiacha ikauke siku kadhaa. Mimi bado nawazuia, na kwa mwenye mtoto mdogo nyumbani wa chini ya miaka mitatu viweke juu.

Kadi za picha ndo sehemu dhaifu kuliko zote. Mbao ni za hapa ila picha zingine zimetolewa mtandaoni na zimekaa kipwani pwani. Kuna picha ya chombo majini imeandikwa dau. Watoto wa Kigoma wakiona ile picha kuna anayesema mtumbwi, kuna anayesema boti, hakuna hata mmoja aliyesema dau, na mtoto anayetakiwa aangalie picha apate neno alafu aliunde anaunda boti, bo-ti, sahihi kabisa, alafu anageuza kadi nyuma anaambiwa kakosea. Dafu vilevile, wanasema nazi. Nilizitoa kadi kama kumi nikabaki na zinazoeleweka, nyingine nikachora mwenyewe: mise (kokwa za mchikichi), mawese, samaki, kofia, jiko. Angalia hayo maneno yalivyo rahisi, mi-se, ma-we-se, kila nyumba ya huku inayo na mtoto anayajua kwa harufu. Ukinunua seti ya nyumbani mwambie akupe vibao viwe vingi na kadi chache, picha tafuta vitu vyenyewe, weka kijiko mezani mwambie aandike kijiko.

Mnataka kujua matokeo. Siwezi kuwaambia ni vibao peke yake, maana muhula huu nilibadilisha mengi, nimewapanga kwa uwezo, na mwenzangu wa mkondo wa pili tunabadilishana watoto Ijumaa. Ila nilipowapima wiki ya mwisho mmoja mmoja, wengi wanasoma neno la silabi mbili na tatu ambalo sijawahi kuwafundisha, hilo ndo naliangalia mimi, neno jipya. Maneno waliyozoea wanaweza kuwa wamekariri, kwahiyo niliwapa hata maneno yasiyo na maana, kama fupo na lisabe, wakayasoma huku wanacheka. Kasi bado, kipimo kilichowekwa kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika na sisi tuko mbali, ila mwenye kuunganisha sauti kasi atapata kwa kusoma vitabu. Na wapo tisa ambao bado irabu zenyewe zinawasumbua. Wawili kati yao nadhani hawaoni vizuri, nimeshaongea na wazazi wao wawapeleke macho yapimwe, wengine mahudhurio, mvua ikinyesha hawaji, dagaa ikiwa nyingi hawaji. Hao inabidi kibao kiwafuate nyumbani, ndo maana mifuko mitatu nimeigawa kwa kuazima, inaenda Ijumaa inarudi Jumatatu, na mpaka sasa imerudi yote, kimepotea kibao kimoja tu cha z na mama wa mtoto alikuja mwenyewe kuniomba radhi mpaka nikaona aibu mimi.

Kitu kimoja nikisimulie kabla sijasahau. Mwezi wa tano nilikuwa kwenye hiace natoka Mwanga naelekea Ujiji, kuna kabinti ka darasani kwangu kamekaa na bibi yake kiti cha mbele yangu, hakajaniona. Gari limeandikwa ubavuni na ndani juu ya kioo, Kigoma Ujiji. Kakaanza kufanya vidole, yaani kidole gumba na cha shahada kama kanabananisha vibao, ki, go, ma. Kimya kidogo. Kigoma. Alafu u, hako kakaweka kidole kimoja tu peke yake, ji, ji. Kakamgeukia bibi yake kakamwambia bibi hili gari linaenda kwetu. Bibi akasema si nimeshakwambia linaenda kwetu. Kakasema hapana bibi, limeandika.

Kwa mzazi anayenunua, usimkalishe mtoto saa nzima. Dakika kumi baada ya chakula, na wewe ukae chini nae sakafuni. Mwanzo mpe irabu zote tano na konsonanti tatu nne tu, m, k, b, t zinatosha kuunda mama, kaka, baba, meza subiri mpaka aijue z. Toa sauti, usitaje jina la herufi. Akikosea usimnyang'anye kibao, msomee alichoandika kama kilivyo, atasikia mwenyewe kuwa sicho. Na kama wewe mzazi kusoma kwako ni kwa shida usione haya, kaa tu akusomee, nina mama mmoja amejifunza humohumo kwenye mfuko wa mwanae na ananiruhusu niseme.

Ukienda Mwanga nenda asubuhi, mchana anafunga anapumzika. Hesabu a nne na j mbili, ulizia m na n za peke yake na uhakikishe zina mstari chini, ng' omba ichongwe, ataongeza siku mbili lakini hataongeza bei. Wa Kasulu na Uvinza anafunga kwenye boksi anapakia kwenye gari, nauli ya mzigo unalipa wewe. Wa seti za darasa agizeni mapema kuanzia sasa maana fundi ni mmoja, na Desemba mwaka jana alielemewa, walioagiza Januari walipata Machi, na Machi kwa mtoto wa darasa la kwanza ni mbali.